Mbao Nane za Mgeni

Inspekta Yunisi alimkamata Elikana msibani, na tangu siku ile chakula hakikumshuka vizuri. Si kwamba alivunja sheria. Kijana ndiye mhandisi aliyechora gati la mbao la wauza dagaa wa Katonga. Gati lilianguka wiki mbili tu baada ya kuzinduliwa, likiwa limejaa watu na magunia. Agnesi, mmoja wa wauza dagaa hao, alikufa na wengine saba walivunjika mikono na miguu. Mhandisi akaja kuzika kama mtu mwenye utu, akashika koleo, akatupia udongo, na Yunisi akamvisha pingu palepale mbele ya watoto wanne wa marehemu. Wazee walitazama chini. Askari yeyote mwenye akili angengoja watu watawanyike.

Sasa ilikuwa Jumamosi asubuhi. Jumatatu Elikana angepelekwa mahakamani kwa kuua bila kukusudia, na jalada lilikuwa mezani limekamilika, au lilionekana hivyo. Yunisi alimtoa mahabusu kwa mara ya tatu. Kwa nini, hata yeye hakujua. Labda alitaka kijana aseme neno moja la uongo ili roho yake itulie.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Turudie ile namba. Mbao za mninga uliziandikia nguvu gani kwenye programu yako?"

"Tisini na nne. Ni kipimo cha mzigo ambao ubao unabeba ukipinda, kabla haujavunjika."

"Nani alikwambia tisini na nne?"

Elikana alikuwa amekonda shingo. Alijibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kusema jambo mara nyingi bila kusikilizwa.

"Afande, ile programu haijui mninga wala mwembe. Unaipa namba, inakujengea gati kwenye skrini, inalipakia watu na mizigo, halafu inakwambia litasimama au litaanguka. Ukiipa namba mbovu inakujibu upuuzi, na inaujibu kwa michoro mizuri kabisa. Sasa vipimo vya miti yetu nani anavyo? Maabara ni ghali. Ndiyo maana tunaoitumia tuna maktaba yetu huria mtandaoni. Mtu akipima mti wa kwao anapakia vipimo pale, wengine tunachukua bure. Bila hivyo tungejengea Kigoma kwa namba za misonobari ya Ulaya. Namba ya mninga niliitoa humo, na bado nikaipunguza theluthi kwa tahadhari."

Yunisi alifungua bahasha ya vielelezo, akatoa simu ya kijana iliyokuwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaiwasha na kumshikia juu ya meza.

"Nionyeshe."

Elikana alibonyeza juu ya plastiki. Maktaba ikafunguka. Akatafuta mninga wa Kigoma. Maneno yakatokea: ukurasa huu haupo.

"Kama juzi," Yunisi alisema. "Kama siku ya kwanza."

"Ulikuwepo, afande. Niliuchapisha kwenye karatasi. Upo kwenye faili la kazi, stoo ya fundi Leodgar, Katonga. Nilikwambia siku ile ile."

Yunisi alifungua maelezo ya siku ya kwanza. Mstari wa tisa, kwa mwandiko wake mwenyewe: *faili liko kwa fundi Leodgar.* Aliyaandika maneno hayo na hakuyafuata, kwa sababu siku ile tayari alikuwa na mtu wake na mtu alikuwa na pingu. Aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Akamrudisha kijana mahabusu bila kumtazama usoni, akachukua ufunguo wa gari na ile bahasha.

Katonga ilikuwa inanuka dagaa kama kawaida yake, wameanikwa mchangani mpaka karibu na barabara. Gati lilikuwa bado pale, au nusu yake. Nguzo zilisimama majini na sakafu imening'inia. Fundi Leodgar alipoona gari la polisi aliacha kupiga randa.

"Mwakeye, mama," aliamkia kwa Kiha.

"Twakeye. Nimekuja kwa mambo mawili, fundi. La kwanza mbao. Mchoro unasema mninga. Wewe ulijenga kwa nini?"

Hilo alikuwa amelibeba njia nzima. Kama Leodgar alibadilisha mbao, akaweka mti laini mahali pa mninga, mambo yote yangejipanga vizuri, na zile pingu za msibani zingekuwa kosa dogo. Alitamani iwe hivyo, akajichukia kidogo kwa kutamani.

Leodgar hakukasirika. Alimpeleka kwenye boriti iliyovunjika, akaigeuza kwa mguu, akamwonyesha alama ya nyundo ya maafisa misitu iliyogongwa kwenye ncha. Kisha akaleta kibali. Namba zilifanana.

"Mninga, mama. Ila ni mninga wa siku hizi. Ile miti minene imekwisha, tunapasua midogo. Tazama, upande huu mwekundu, ule mweupe. Mweupe ndio umeachia."

"Ulikatwa lini?"

"Mfungo wa Ramadhani ulipoingia. Mbao zilipofika tu tukaanza kuchimba mashimo ya nguzo."

"Mbichi, basi."

"Mbichi. Nani ana mbao kavu Kigoma hii? Kila mtu anajengea huu huu. Nyumba za watu, madaraja, vyoo vya shule." Alisita. "Mama, nimelala na hili jambo kila siku. Niliuona ule weupe. Nikamwuliza Elikana, akaniambia programu imekubali. Nikasema basi, msomi kasema."

La pili lilikuwa faili. Leodgar alilitoa chini ya makopo ya rangi, na ndani yake Yunisi akaikuta ile karatasi, imekunjwa mara nne. Elikana hakusema uongo. Juu iliandikwa Mninga wa Kigoma, nguvu ya kupinda 94, kisha kwa maandishi madogo: vipande vilivyopimwa: 8; mahali vilipotoka: karakana ya maboti, Ujiji; aliyepakia: Hasna Ashraf; waliopakua: 16.

Alisoma ile namba ya mwisho mara mbili. Kumi na sita. Elikana alikuwa mmoja. Wengine kumi na tano walikuwa mahali fulani na namba hiyo hiyo mkononi, wakijenga, na ukurasa ambao ungewaambia lolote ulikuwa umefutwa.

Aliendesha moja kwa moja mpaka Ujiji.

Karakana ile ya maboti, ya Mzee Abeid, iko ufukweni, paa la mabati juu ya nguzo sita, na chini yake boti moja kubwa ikiwa bado mataruma matupu, yaani mbavu bila ubao. Mzee alikuwa amechuchumaa na tezo lake la kuchongea mkononi. Alipomwona afande akainuka, akapokea shikamoo yake, na kabla hajauliza shida akaanza shughuli. Kiti kilikuwa kimoja tu chenye mgongo. Akakipangusa kwa kanzu yake akampa, yeye akakaa juu ya kisiki. Mafundi wake walikuwa wanakunywa chai kwenye makopo ya plastiki. Yunisi aliletewa kahawa kwenye kikombe cha kaure chenye maua, kilichotolewa ndani ya kabati lenye kufuli, na kashata juu ya kisahani.

"Mzee, mimi askari tu. Kikombe cha plastiki kingetosha."

"Mwenyeji hapangiwi na mgeni," Mzee Abeid alisema, akafurahi mwenyewe. "Haya, nani kaibiwa injini safari hii?"

"Hakuna. Unamjua Hasna Ashraf?"

"Hasna! Mwalimu wa chuo cha ufundi. Marehemu baba yake nilimchongea boti mbili. Mtoto mwema. Mwaka jana alikuja na salamu za mama yake, akaomba vipande vya mninga akavipime kwa mashine."

Yunisi alikitazama kikombe chake chenye maua. Akakitazama kiti. Akaviangalia vile vikopo vya mafundi. Akakiweka kikombe chini.

"Mzee, ulimpa mbao zipi?"

"Ningempa makombo? Nilimkatia kwenye gogo la mkuku."

Mkuku ni uti wa mgongo wa boti. Lile gogo, mzee alieleza, lilikaa chini ya paa miaka mitatu, likigeuzwa kila mwezi, jekundu mpaka ndani, halina doa jeupe. Alikuwa amelitunza kwa boti yake mwenyewe. Alikata vipande vinane, ncha zilizobaki akaziweka, maana binti aliziandika namba kwa wino mzito naye aliupenda mwandiko wake. Akazileta. Moja mpaka nane, nzito kama mawe.

"Alijua kuwa ni za mkuku?"

"Hakuuliza. Mgeni haulizi kama alichopewa ndicho wanachopewa wengine. Angeniuliza ningeona kaniita bahili."

Yunisi aliandika hilo neno kwa neno. Kisha, akiinama kuokota kofia ya kalamu iliyoanguka, aliona kitu chini ya boti. Mataruma yalikuwa yameegemezwa kwa kabari, na kabari moja ilikuwa na namba. Kumi na saba. Nyingine, tisa. Nyingine, kumi na nne. Wino ule ule na mwandiko ule ule, ila mbao zilikuwa nyepesi, nusu nyeupe.

"Na hizi?"

Uso wa mzee ulibadilika kidogo. "Ah. Hizo za mwezi wa Shaabani. Hasna alirudi akitaka tena. Nikamwonyesha mkuku uliobaki, akakataa! Akaenda mwenyewe kwenye rundo la nje, lile la wateja, akachomoa hiki na kile, chenye weupe, kibichi, chochote. Akachukua kumi na mbili. Mabaki nikayafanya kabari. Niliudhika, sikufichi. Nikasema mtoto kasoma, adabu zimemtoka."

Mwezi wa Shaabani. Yunisi alihesabu kwa vidole chini ya jalada. Kutoka Shaabani mpaka gati kuanguka ni wiki tisa. Mwezi ule, kabla ya mfungo, Leodgar alikuwa hajachimba hata shimo moja. Ukurasa ulionyesha vipande vinane, na Hasna alikuwa amepima ishirini. Vipimo kumi na viwili havikuandikwa popote.

Hakuona njia ya kumficha mzee. Alimweleza yote, polepole, pale pale kwenye kiti cha heshima. Mzee Abeid alisikiliza huku akigeuzageuza tezo.

"Kwa hiyo wamejenga kwa rundo la nje," alisema mwishowe, "wakihesabu mkuku wangu."

"Ndiyo, mzee."

"Agnesi alikuwa ananiletea dagaa kila Ijumaa. Ananichagulia wale weupe." Akaliweka tezo chini. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo tulivyofundishwa. Mimi nimetoa kilicho bora nikaua mtu."

"Hukuua mtu, mzee."

"Usinifariji, mwanangu, umekuja kikazi. Nipeleke kwa Hasna."

Utaratibu haukuruhusu. Yunisi alikuwa ameufuata utaratibu makaburini na ukamletea aibu, akamfungulia mlango wa gari.

Walimkuta Hasna nyumbani kwa mama yake, Rusimbi, kwenye mkeka barazani na kompyuta mapajani. Alipomwona Mzee Abeid akishuka kwenye gari la polisi alisimama, akaketi tena. Yunisi alijitambulisha, akamwambia halazimiki kusema, na kwamba akisema yataandikwa na yanaweza kutumika mahakamani.

"Mninga wa Kigoma. Ulipima vipande vingapi?"

"Vinane."

Yunisi aliweka kabari aliyotoka nayo karakanani juu ya mkeka, namba ikiwa juu. Kumi na saba. Hasna aliigeuza kwa kidole.

"Ishirini," alisema.

"Vile kumi na viwili vilitoa ngapi?"

"Wastani hamsini na moja." Hata kwa theluthi aliyoipunguza Elikana, namba yake ilikuwa juu ya hapo.

"Lini?"

"Tarehe kumi na sita, Shaabani."

"Nani alikutuma upime tena?"

"Hakuna. Kuna mhandisi wa Mpanda aliniandikia. Alisema namba yangu ni kubwa mno, amejaribu kipande cha kwao kikakatika mapema. Nikaona nimpe jibu la uhakika. Nilipoona hamsini na moja nilidhani mashine imeharibika. Nikapima tena. Haikuharibika."

"Ukamjibu?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Hasna alivuta kanga mabegani. "Ule ukurasa ndio ulionipa jina, afande. Watu walinishukuru kutoka Sumbawanga, kutoka ng'ambo ya ziwa. Mkuu wa chuo alinisimamisha mbele ya wanafunzi. Niliandika sahihisho, lipo hapa, nimelihifadhi. Kila siku nikasema kesho. Ukaingia mfungo, nikasema baada ya Iddi. Sikujua kuna mtu anajenga. Nakuapia sikujua."

"Idadi ya waliopakua ilikuwa juu ya ukurasa."

"Niliiona," Hasna alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa naifurahia ikipanda."

"Na gati lilipoanguka?"

"Niliposikia jina la Elikana redioni nilijua. Nilimwona kwenye orodha ya waliochukua. Nikaufuta ukurasa. Nilijidanganya kuwa nauondoa ili asiumie mwingine."

"Waliokwisha kuchukua je?"

Hasna aliinamia pindo la kanga.

"Jumatatu anapanda kizimbani, Hasna. Ungenyamaza mpaka afungwe?"

"Sijui," alisema. Kisha akasema, "Ndiyo. Nafikiri ndiyo. Mungu anisamehe."

Mzee Abeid alikuwa amekaa ukingoni mwa baraza, viatu ameviweka pembeni. "Mwanangu, kwa nini hukuniambia kuwa mbao zangu zimekupoteza?"

"Ningekwambiaje, babu? Ulinipa mkuku wako."

Yunisi aliacha kuandika kidogo. Huyu binti alinyamaza kwa aibu, Leodgar alinyamaza kwa kumheshimu msomi, na yeye mwenyewe aliandika mstari wa tisa akaufunga ndani ya jalada. Jumatatu angemwambia mwanasheria wa serikali hayo yote, na la kwake angeanza nalo. Alipiga picha skrini, akanakili tarehe ya lile sahihisho, akamsainisha Hasna kila karatasi. Ndipo akauliza kama ukurasa uliofutwa unaweza kurudi.

"Maktaba inautunza siku tisini. Na ukirudi na sahihisho, taarifa inakwenda yenyewe kwa wote waliopakua."

"Basi urudishe. Usibadilishe namba hata moja ya zamani. Chini yake weka zile kumi na mbili."

"Jina langu litabaki juu yake."

"Litabaki."

Hasna alianza kuandika. Akakosea, akafuta.

"Uandike na aliyechagua mbao," Mzee Abeid alisema.

"Babu, hakuna sehemu ya kuandika hivyo. Kuna aina ya mti, mahali, idadi."

"Hilo ndilo kosa lenu. Weka hiyo sehemu."

Akaandika, akasoma kwa sauti: vipande namba moja mpaka nane vilichaguliwa na Mzee Abeid, fundi wa maboti wa Ujiji, kutoka gogo la mkuku lililokaushwa miaka mitatu, havifanani na mbao za sokoni.

"Ongeza: kwa heshima ya mgeni."

"Wahandisi hawataelewa, babu."

"Wataelewa. Nao wana mama zao wanaopokea wageni."

Aliongeza. Akamwuliza Yunisi kwa macho, Yunisi akatikisa kichwa kukubali, naye akabonyeza.

Hasna aliiweka kompyuta mkekani. Kisha kitu kikatetemeka juu ya mkeka, ndani ya bahasha ya vielelezo, na mlio mfupi wa simu ukasikika.

"Ni simu yako, afande?" Hasna aliuliza.

"Ni ya Elikana."

Yunisi aliitoa, akaigeuza ili wote waone kupitia plastiki. *Sahihisho: Mninga wa Kigoma. Usijengee namba ya awali.* Aliangalia saa yake, kwa kuwa jambo kama hilo lazima liingie kwenye maelezo.

"Umetuma saa ngapi?"

Hasna alitazama pembe ya skrini. "Saa nane na dakika ishirini."

"Imefika saa nane na dakika ishirini. Hata mwezi wa Shaabani ingefika dakika ile ile," Yunisi alisema, akaandika.

Hasna aliinamia kompyuta yake akalia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.